Kudhulumiwa Hakutoshi: Turffontein na Kazi ya Maadili

Familia nyingi zilizoondoka Unguja, Pemba na miji mingine ya mwambao zilifika Maskati, Dubai, London au Toronto zikiwa na mizigo michache. Nyumba ziliachwa, mashamba ya mikarafuu yaliachwa, na mara nyingine hata picha za ukutani ziliachwa. Wazee wetu, wakijiliwaza, hueleza kwamba kilichosafiri nao ni adabu: namna ya kuamkia, ya kumkaribisha mgeni, ya kumtaja marehemu, ya kutunza amana. Basi ikiwa maadili ndiyo mali tuliyobakiwa nayo, hatuna budi kujua ni mali ya namna gani na ina kazi gani. Kitu kisichojulikana kazi yake huishia kuwa pambo la sebuleni.

Kulichunguza suala hili, makala hii inakwenda mahali ambapo wengi wetu hatuna babu aliyezikwa: Turffontein, kitongoji cha kusini mwa Johannesburg. Jina lenyewe ni la Kiholanzi, na fontein ni chemchemi. Mji wa Johannesburg ulianza mwaka 1886 baada ya kupatikana dhahabu, na mwaka uliofuata, 1887, Turffontein ilikuwa tayari na uwanja wa mashindano ya farasi, ambao upo hadi leo. Kwa miongo mingi kilikuwa kitongoji cha Wazungu. Leo, pamoja na jirani zake Rosettenville na La Rochelle, ni makazi ya wahamiaji kutoka nchi nyingi za Afrika, na miongoni mwa lugha za wageni wa Johannesburg kimo Kiswahili cha Kongo ya mashariki, cha Katanga na cha Tanzania. Ardhi hii moja imewaona walioonewa, waliowaonea wengine, na wageni wanaotafuta pa kulala. Ndiyo maana inatufaa kama darasa.

Maneno tuliyorithi

Tuanze na lugha, kwa sababu lugha yetu imehifadhi mawazo ya mabara mawili. Neno adili limetoka katika Kiarabu, katika mzizi ule ule wa uadilifu na haki: kuweka mambo sawasawa kama mizani isiyolala upande. Akhlaki ni wingi wa khuluku, yaani tabia, na mzizi wake ni ule ule wa neno la kuumba. Kwa hiyo lugha inatuambia kwamba mtu ana umbo la nje linaloonekana kwa macho na umbo la ndani linaloonekana kwa vitendo. Adabu ni malezi yaliyokubali. Na murua, neno ambalo siku hizi tunalitumia tukitaka kusema kitu ni kizuri, kwa Kiarabu limetokana na neno lenye maana ya mtu. Maana yake ya asili ni kuwa mtu kamili.

Hapo ndipo Kiarabu na Kibantu vinapokutana bila ya kuagana. Waswahili walikuwa na utu, uliotokana na mtu kwa namna ile ile. Mzulu ana umuntu na ubuntu, na methali yake kwamba mtu ni mtu kwa watu ni ndugu wa methali yetu, mtu ni watu. Malenga wa Mombasa Ahmad Nassir Juma Bhalo alitunga utenzi mzima juu ya wazo hili, Utenzi wa Mtu ni Utu, uliochapishwa mwaka 1979. Shaaban Robert naye alimpa mhusika wake jina la Utu Bora na akamfanya mkulima. Wote hawa wanakubaliana jambo moja: kuzaliwa na watu hakutoshi kumfanya kiumbe kuwa mtu. Kuna kazi ya kufanya.

Lakini lugha hiyo hiyo ina maneno mengine mawili ambayo hatuna budi kuyatazama kwa jicho kavu: uungwana na ustaarabu. Ustaarabu, kwa asili yake, ni kujifanya Mwarabu. Uungwana, kabla haujawa sifa ya tabia njema, ulikuwa cheo cha asiyekuwa mtumwa. Tunaposema mwacha asili ni mtumwa, tunatoa funzo la kushika mila, lakini pia tunamtumia binadamu aliyenyimwa uhuru wake kama mfano wa aibu. Neno la maadili na neno la tabaka vilivaa kanzu moja. Tutalirudia jambo hili.

Masuala matatu

Wanavyuoni waliojadili maadili waligusa masuala matatu, na ni vyema kuyatenganisha.

La kwanza ni hili: maadili yanakaa wapi? Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza kwamba tabia ni hali iliyotia mizizi ndani ya nafsi kiasi kwamba tendo hutoka kwa wepesi, bila ya mtu kushindana na nafsi yake kila mara. Muuza duka anayepima sawasawa siku anayotazamwa na mkaguzi bado hajawa mwaminifu. Ni mwaminifu yule ambaye mkono wake umezoea kupima sawasawa hata mteja akiwa mtoto aliyetumwa na mamaye. Kwa maana hii maadili ni mazoea yaliyojengwa, na ndiyo sababu wazee walisema samaki mkunje angali mbichi.

La pili: nani anaamua kuwa jambo ni jema? Mu'tazila walishika kwamba akili ya binadamu inaweza kuujua wema na ubaya wa mambo. Ash'ari walishika kwamba jambo huwa jema au baya kwa hukumu ya Mwenyezi Mungu, na akili peke yake haifiki. Mjadala huo ulichukua karne nyingi na vitabu vingi, na si kazi ya makala hii kuumaliza.

La tatu halizungumzwi sana, na ndilo litakalotushughulisha: maadili yanamhusu nani? Ukishakuwa na tabia njema, na ukishajua lililo jema, ni nani unayemhesabu kuwa anastahiki kutendewa hilo? Mtu anaweza kuwa mpole, mkarimu na mkweli ndani ya duara lake, na nje ya duara hilo akawa dhalimu bila ya kuhisi kwamba kuna kitu kimepotea. Historia ya Turffontein ni historia ya duara hilo.

Uwanja wa farasi

Vita baina ya Waingereza na Makaburu vilianza Oktoba 1899. Waingereza waliingia Johannesburg mwisho wa Mei 1900, lakini Makaburu waliendelea kupigana kwa kuvizia. Jeshi la Uingereza likajibu kwa kuchoma mashamba na nyumba, ili wapiganaji wakose chakula na pa kujificha. Wanawake na watoto waliobaki bila ya makao wakakusanywa katika kambi. Moja ya kambi hizo ilikuwa katika uwanja wa farasi wa Turffontein. Pale matajiri wa dhahabu walipokuwa wakishangilia farasi, mwaka 1901 zilikaa familia za mateka.

Katika kambi zote za nchi hiyo surua, homa ya matumbo, kuhara na lishe mbaya viliua watu karibu 28,000 wa jamii ya Makaburu, wengi wao watoto. Mwingereza mmoja, Emily Hobhouse, alizitembelea baadhi ya kambi na kuwaeleza watu wa kwao aliyoyaona mwaka huo wa 1901. Kiongozi wa upinzani bungeni, Henry Campbell-Bannerman, akazilaani mbinu hizo kuwa za kishenzi. Serikali ikalazimika kutuma tume ya wanawake ikiongozwa na Millicent Fawcett, na baada ya muda hali ya kambi ikaanza kutengenea.

Hapa tunauona uzuri wa maadili yanapofanya kazi yake. Hobhouse hakuwa Kaburu. Aliowatetea walikuwa maadui wa taifa lake wakati wa vita, naye alitukanwa kwa sababu hiyo. Alilipanua duara.

Lakini tutazame tena. Waafrika waliokuwa wakiishi na kufanya kazi katika mashamba yaliyochomwa nao walikusanywa katika kambi zao peke yao. Vifo vilivyoandikwa huko ni zaidi ya 14,000. Tume ya Fawcett ilizikagua kambi za Wazungu, ikahoji juu ya chakula, maji na madaktari, kisha ikarudi Uingereza. Kambi za Waafrika hazikuwa sehemu ya kazi yake. Wanawake wale hawakuwa wabaya. Duara lao lilikuwa limekomea pale.

Vita vilimalizika Mei 1902. Mwaka 1910 ikaundwa Muungano wa Afrika Kusini, na waziri mkuu wake wa kwanza akawa Louis Botha, aliyekuwa jenerali wa Makaburu katika vita vile vile. Mwaka 1913 una mambo mawili ambayo yafaa kuwekwa bega kwa bega. Mwezi wa Juni ilianza kutumika sheria ya ardhi iliyowazuia Waafrika kununua ardhi isipokuwa katika sehemu walizotengewa, kiasi cha asilimia 7 ya nchi. Mwezi wa Disemba, mjini Bloemfontein, ukazinduliwa mnara wa ukumbusho wa wanawake na watoto waliokufa kambini. Nchi ile ile, mwaka ule ule, ililia juu ya watoto waliofukuzwa majumbani mwao na ikatunga sheria ya kuwafukuza watoto wengine.

Kutoka hapo hadi 1948, chama kilichojenga siasa yake juu ya kumbukumbu za madhila hayo kilishika serikali na kuleta ubaguzi uliopangwa kwa sheria. Funzo lake ni gumu kumeza, khasa kwa watu waliodhulumiwa. Kuonewa kunampa mtu haki ya kulalamika na haki ya kulipwa fidia. Hakumpi uadilifu. Machungu yanaweza kumfundisha mtu kuwahurumia wote walioonewa, na yanaweza pia kumfundisha kwamba wanaostahiki huruma ni wa kwao tu.

Wazanzibari wa Durban

Mwaka 1950 ilipitishwa Sheria ya Maeneo ya Makundi, iliyogawa miji kwa rangi. Kwa sheria hiyo Turffontein ilikuwa ya Wazungu. Sheria hiyo hiyo iliwafikia watu wanaobeba jina letu, na kisa chao kinapaswa kujulikana na kila msomaji wa jarida hili.

Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la Unguja. Miezi miwili baadaye, Agosti 1873, watu zaidi ya mia waliokombolewa na manowari za Uingereza waliteremshwa Durban, katika koloni la Natal lililokuwa na njaa ya vibarua. Wengine walifuata hadi 1880. Wengi wao walikuwa Wamakua kutoka kaskazini ya Msumbiji, lakini kwa kuwa walipitia Unguja wakaitwa Wazanzibari. Hawakuachiwa tu waende zao. Walitiwa katika mikataba ya kazi, na uhuru wao ukaanza kwa miaka ya kumtumikia bwana mwingine.

Wengi wa watu hao walikuwa Waislamu, wakalelewa na kushikwa mkono na Waislamu wa Kihindi wa Durban, ambao wakfu wao uliwapatia ardhi ya kukaa katika sehemu ya Kings Rest, kwenye rasi ya Bluff. Wakajenga msikiti, wakazikana, wakasomesha watoto, wakahifadhi Kimakua. Kisha serikali ya ubaguzi ikashindwa kujua iwaweke wapi. Walikuwa Waafrika kwa asili, lakini dini na jina lao havikulingana na kisanduku cha Waafrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakaandikwa kuwa aina ya Waasia, wakahamishwa Bluff na kupelekwa Chatsworth, eneo la Wahindi.

Kuna watakaocheka upuuzi wa karani kumwandika Mmakua kuwa Muasia. Lakini kabla ya kucheka tujiulize: kwa nini Wamakua hawa walikuwa majini? Nani aliwanunua, nani aliwauza, na majahazi yalikuwa ya nani? Katika jarida la historia ya Waswahili na Waarabu, masuala hayo hatuwezi kuyapitia pembeni kama mtu anayepita karibu na kaburi usiku.

Adabu ndani ya nyumba yenye watumwa

Mji wa Unguja wa karne ya 19 ulikuwa mji wa adabu. Watu waliswali kwa jamaa, wakawekeana amana, wakalisha wageni, wakasomesha Kurani, wakatunga tungo nzuri. Na katika nyumba hizo hizo walikuwamo watu walionunuliwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichochapishwa mwaka 1903, alieleza kwa utulivu namna mtumwa anavyopaswa kujiweka mbele ya muungwana, kama anavyoeleza arusi na ngoma. Kwake ilikuwa ni sehemu ya mpango wa dunia.

Mfano unaogusa zaidi ni wa Sayyida Salme, binti ya Sayyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilitoka mwaka 1886. Hakuna mhamiaji wa kwetu atakayezisoma bila ya kujiona: baridi, lugha ya watu, ujane, watoto wasiojua kwao, hamu ya nyumba isiyorudika. Mama yake alikuwa suria wa Kicherkasi, aliyechukuliwa na watu angali mtoto mdogo. Hata hivyo katika kitabu hicho Salme aliutetea utumwa wa kwao, akisema usifananishwe na ule wa Marekani. Alikuwa binti wa mwanamke aliyenyang'anywa wazazi wake, alikuwa mgeni katika nchi ya watu, na bado duara lake halikumfikia mtumwa wa shamba.

Hoja yake bado inasikika katika mabaraza yetu: kwetu mtumwa alikuwa kama mtoto wa nyumbani, alikula chakula kimoja na bwana wake. Yako majumba yaliyokuwa hivyo. Lakini sheria ya kuondosha utumwa Unguja, ya tarehe 6 Aprili 1897, ilimtaka mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru, na masuria hawakuhusishwa hadi mwaka 1909. Mtu anayehitaji hati ya mahakama ili aondoke hakuwa mtoto wa nyumbani.

Kusema haya si kuwatusi wazee. Sura ya An-Nisaa, aya ya 135, inawaamrisha waumini wasimamie uadilifu hata kama ushahidi utakuwa juu ya nafsi zao, wazazi wao au jamaa zao. Na Sura ya Al-Balad inahesabu kumwacha huru aliyefungwa shingo kuwa ndiyo njia ya kupanda mlima. Walioondosha aibu kwa kuinyamazia hawakuwa wakishika mila. Waliacha iliyo kubwa kuliko zote.

Kiwiko cha mkono

Mwaka 1977 serikali ya Tanzania ilikipa chama cha ANC lililokuwa shamba la mkonge huko Mazimbu, Morogoro. Pakajengwa skuli, zahanati, mashamba na makaburi ya wakimbizi wa Afrika Kusini. Skuli ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na serikali ya ubaguzi tarehe 6 Aprili 1979. Tanzania haikuwa nchi tajiri. Wakulima wa Morogoro hawakuwauliza wageni nasaba zao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1992, uhuru ulipokaribia, Mazimbu ilirudishwa kwa wenyewe, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Sokoine.

Mei 2008, miaka 16 baada ya hapo, mashambulizi dhidi ya wageni yalianza Alexandra, Johannesburg, yakaenea katika mitaa mingine na mikoa mingine. Watu 62 waliuawa na maelfu wakakimbia makazi yao. Iliripotiwa kwamba watu walisimamishwa njiani na kuulizwa neno la Kizulu la kiwiko cha mkono, indololwane. Asiyelijua alihesabiwa mgeni. Miongoni mwa waliouawa, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini.

Idadi hiyo ya mwisho ndiyo yenye hoja. Duara likishaanza kufinywa halikai pale lilipokusudiwa. Msotho, Mvenda au Mtsonga asiyejua neno moja la Kizulu anajikuta yuko nje katika nchi yake mwenyewe. Familia zetu zinalijua hili. Januari 1964 Unguja, watu waliulizwa kabila kwa macho na kwa rangi kabla ya kuulizwa kwa ulimi. Waliuawa watu wasiokuwa na shamba wala kiti serikalini, kwa kosa la kufanana na waliokuwa navyo. Na kabla ya hapo, Mmanyema au Mmakua alikuwa ameulizwa kwa muda mrefu suali la namna hiyo hiyo: wewe ni muungwana au si muungwana? Aliyeulizwa jana huuliza leo, ikiwa hakujifunza chochote isipokuwa machungu yake.

Wakati utu ulipoingia mahakamani

Nchi ile ile inatoa mfano wa pili, nao ni wa kupanua duara. Katiba ya mpito ya mwaka 1993 ilimalizia kwa maneno yaliyotaja ubuntu, ikiuweka mbele ya kisasi. Tarehe 6 Juni 1995 Mahakama ya Katiba iliamua kesi ya Makwanyane na kuiondosha adhabu ya kifo, na majaji kadhaa waliegemea juu ya ubuntu katika hoja zao.

Tuzingatie ni nani aliyefaidika. Waliokuwa mbele ya mahakama walikuwa watu waliohukumiwa kwa kuua. Hakuna aliyesema hawana hatia, na hakuna aliyesema wasiadhibiwe. Kilichosemwa ni kwamba hata muuaji habaki nje ya utu, na kwamba dola iliyowanyonga akina Mahlangu haitakuwa mpya kwa kubadilisha tu shingo zinazotiwa kitanzi. Msomaji anaweza kutokubaliana na hukumu yenyewe. Sheria ya Kiislamu ina utaratibu wake wa kisasi, diya na msamaha. Lakini swali lililoulizwa, duara lifike wapi, ndilo swali la maadili.

Basi maadili yana kazi gani?

Sasa tunaweza kujibu suala la mwanzo. Wanavyuoni wa makusudio ya sheria, tangu al-Ghazali hadi al-Shatibi wa Granada aliyefariki mwaka 1388, walihesabu mambo matano ambayo sheria imekuja kuyalinda: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Orodha hiyo inaonyesha kwamba maadili yapo ili kulinda kitu ambacho kisipolindwa kitavunjwa na mwenye nguvu. Kutokana na tuliyoyaona, kazi hiyo inagawika mara tatu.

Kwanza, maadili ni kizuizi cha mwenye nguvu. Dhaifu hahitaji kuambiwa asidhulumu, kwani hana la kudhulumu nalo. Mtihani ni siku mambo yanapobadilika: Botha akiwa waziri mkuu, muungwana akiwa na funguo za ghala, kijana akiwa na panga mkononi na mgeni mbele yake. Aliyekuwa mwema pale tu alipokuwa hana uwezo hajulikani bado.

Pili, maadili yanawawezesha wasiojuana kuaminiana. Katika ukoo, aibu inatosha: mama atasikia, jirani atasema. Mhamiaji hana hilo. Anapofika Turffontein au Birmingham, anayempangisha chumba hamjui mjomba wake. Hata hivyo fedha hukabidhiwa, watoto huachwa kwa jirani, na mtu akifariki ugenini hukusanywa mchango wa kumrudisha kwao au kumzika kwa heshima, ukitolewa na watu ambao wengine hawakupata kumwona. Ahadi ni deni, na deni hilo ndilo linalofanya mji wa wageni ukalike.

Tatu, maadili yanamjenga mwenye kuyatenda. Hapa tunarudi kwa al-Ghazali. Anayejizoeza kumdharau mtumishi hawezi kuifungia dharau hiyo jikoni. Itapanda hadi chumbani na barazani, na watoto wake wataijua kabla ya kujua kusoma. Heshima nayo ni hivyo hivyo. Muungwana ni kitendo, walisema wahenga, na methali hiyo moja inatosha kuuvua uungwana kanzu ya ukoo na kumvisha yeyote anayetenda.

Kwa sisi tunaoandika historia za familia, jambo hili lina kazi ya mikono. Shajara nyingi zina majina ya wanaume mpaka kizazi cha kumi, lakini mama aliyekuwa suria ameandikwa kwa alama tu, au hakuandikwa. Yaya aliyenyonyesha, mpishi, mchuma karafuu, baharia, hawamo. Wazee wanaojua majina hayo wanapungua kila mwaka. Tuyaandike maadamu wapo, na pale ambapo mtu alinunuliwa tuandike kwamba alinunuliwa. Tunaposimulia Januari 1964, tuwasimulie watoto waliouawa na waliofukuzwa, na tumtaje pia jirani aliyefungua mlango akaficha watu, hata kama alikuwa wa upande ule mwingine. Na nasaba ya Wazanzibari wa Durban, waliobeba jina la kisiwa chetu bila ya kuwa na nyumba ndani yake, iwekwe katika historia yetu na si katika tanbihi ya historia ya wengine.

Mjukuu atakayezisoma kurasa hizo huko ugenini atajua kwamba wazee wake walikuwa watu: walionewa, na wengine wao walionea. Atajua pia kwamba walikuwa na uadilifu wa kutosha kuyasema yote mawili. Hiyo ndiyo amana ya kumwachia, na haihitaji nyumba wala shamba ili irithiwe.